Kuficha si Kufuta: Nani Aliamua Nyumba ya Gogo Isionekane?

Wanachama wenzangu na wahadhiri wetu, katika jarida hili tumezoea kusoma makala za ngeli, methali, riwaya na hatima ya Kiswahili barani. Leo naomba nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo wengine wataliona ni la mafundi tu: namna programu za kuchora ramani za majengo zinavyoamua kitu gani kionekane katika mchoro upi. Nitajaribu kueleza kwa nini jambo hili linatuhusu sote, na kwa nini chama cha Kiswahili kina kazi ya kufanya hapo. Nianze kwa kukiri kosa, maana mkosaji ni mimi mwenyewe.

Nasomea usanifu majengo hapa Durban. Mwaka jana kundi letu la wanafunzi watano lilipewa zoezi la kubuni ukumbi mdogo wa jamii, pamoja na chumba cha kulelea watoto, huko Cato Manor, kwenye mteremko unaoshukia kijito cha Mkhumbane. Kwa wiki tatu tulipima kila kitu: vyumba vya mabati, ngazi zilizotengenezwa kwa matairi yaliyojazwa udongo, bomba la maji la pamoja, njia za miguu na miembe mikubwa ambayo hatukujua nani aliipanda. Vyote tukaviingiza katika kompyuta kimoja baada ya kingine, na vipimo vyake.

Siku mbili kabla ya kwenda kuwaonesha wakazi, mchoro wa kiwanja ulikuwa umejaa mistari hadi ukumbi wetu wenyewe ulikuwa hautambuliki. Nikatengeneza kichujio: kila kilichokuwapo kabla yetu na kilichoandikwa "bati" kisionekane. Kichujio hicho nikakiweka ndani ya kiolezo cha michoro yote ya juu, yaani ile inayotazama ardhi kama ndege anavyoitazama. Kwa kubofya mara moja tu, karatasi ikawa safi. Wenzangu wakanipongeza.

Siku ya mkutano tulibandika karatasi ukutani. Bibi mmoja, gogo kama wanavyoitwa mabibi huku, alisogea karibu, akaweka kidole kwenye kijito, akakipandisha taratibu kwenye ngazi za matairi, akakikunja kushoto kwenye bomba. Hapo akasimama. Akarudia tena tangu mwanzo. Kisha akanigeukia akauliza kwa Kizulu, "Ngikuphi mina?" Mimi niko wapi?

Nikamjibu kwa Kizulu changu cha kuungaunga kwamba hajaondolewa. Nyumba yake imo kwenye kompyuta, ila katika mchoro huu tumeificha kidogo ili ukumbi uonekane vizuri. Katika mchoro ule mwingine wa pembeni, nyumba ipo. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, nani alikutuma unifiche?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba alipokuwa mtoto walihamishwa hapo kwa malori, na kabla ya malori kulikuwa na ramani.

Sikuwa na jibu, na makala haya ni jaribio langu la kulitafuta.

Kwanza nieleze jambo lenyewe linavyofanya kazi, kwa faida ya wale ambao hawajawahi kufungua programu hizi. Zamani mchora ramani alichora nyumba moja mara nyingi: ramani ya sakafu, sura ya mbele, sura ya nyuma, mkato, ramani ya dari. Kila mchoro ulikuwa kazi yake peke yake. Katika programu za leo kama Revit au Archicad, nyumba hujengwa mara moja tu ndani ya kompyuta, na michoro yote ni namna mbalimbali za kuitazama nyumba ile ile. Ukisogeza mlango katika mchoro mmoja, umesogea katika yote.

Lakini mlango huo huo hauonekani kwa sura moja kila mahali. Katika ramani ya sakafu ni mstari na upinde unaoonesha upande unakofungukia. Katika sura ya mbele ni mstatili wenye fremu na kitasa. Katika mchoro mdogo wa mtaa mzima hauonekani kabisa. Paa nalo lipo, ila ramani ya sakafu hailioneshi, kwa kuwa ramani hiyo ni kama nyumba iliyokatwa kwa msumeno takriban milimita 1,200 juu ya sakafu, ukasimama juu yake ukatazama chini. Basi kila mwonekano una kanuni zake, na kanuni hizo huwekwa na mtu.

Katika Revit zipo njia kadhaa za kukifanya kitu kisionekane. Unaweza kuzima kundi zima, kwa mfano miti yote. Unaweza kuweka kichujio kama nilivyofanya mimi. Unaweza kutumia awamu, ukasema mchoro huu uoneshe vipya tu na vilivyokuwapo zamani visitokee. Unaweza kuficha kitu kimoja peke yake. Unaweza pia kusogeza mpaka wa mchoro hadi kitu kibaki nje. Ili kitu kionekane, njia zote hizo lazima ziruhusu. Ili kisionekane, inatosha moja tu ikatae. Ndiyo maana wachoraji wapya hupoteza saa nzima wakitafuta ukuta ambao haujapotea.

Programu hiyo ina kitufe chenye picha ya balbu. Ukikibonyeza, vitu ulivyoficha katika mchoro huo hujitokeza kwa rangi ya waridi iliyokolea, ingawa si vile vilivyoachwa nje kwa awamu au kwa mpaka wa mchoro. Tatizo ni kwamba balbu hiyo anayo mchoraji peke yake. Karatasi ikishachapwa na kubandikwa ukutani, haina balbu. Mimi nilijua nyumba ya gogo imefichwa tu, haikufutwa. Yeye angejuaje? Kwa mtu anayesoma karatasi, kilichofichwa na kilichofutwa ni kitu kimoja: mahali peupe.

Na Cato Manor ni mahali ambapo weupe wa ramani una historia. Wahindi waliomaliza mikataba yao ya kazi katika mashamba ya miwa walilima mboga na matunda kwenye vilima hivi, na baadaye Waafrika waliofuata kazi mjini wakaishi vibandani kwa makumi ya maelfu, mahali walipopaita Mkhumbane kwa jina la kijito. Mwaka 1950 ikaja sheria ya kugawa maeneo kwa rangi za watu. Wapangaji wakachukua ramani ya Durban wakaipaka rangi kwa makundi, na Cato Manor ikatengwa kwa ajili ya Wazungu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 Waafrika walihamishiwa KwaMashu na Umlazi, na Wahindi wengi Chatsworth. Watu hawakukubali kimya kimya, na maandamano ya wanawake ya Juni 1959 yanakumbukwa hadi leo. Hata hivyo vibanda vilibomolewa, na sehemu kubwa ya ardhi ikakaa tupu kwa miaka mingi, huku mahekalu machache ya Kihindu yakibaki yamesimama peke yake. Watu walianza kurudi kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1993 kikaundwa chama maalumu cha kusimamia maendeleo ya eneo hilo.

Sisemi kwamba kichujio changu ni sawa na sheria ile. Hiyo itakuwa dharau kwa waliohamishwa. Ninachosema ni kwamba gogo aliyewahi kuishi miaka ile hasomi mahali peupe kama ninavyopasoma mimi. Kwangu ni usafi wa mchoro. Kwake ni taarifa.

Kuna historia nyingine ya jiji hili inayotugusa zaidi sisi watu wa Kiswahili. Mwaka 1873 Waingereza walianza kuleta Durban watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, ambao walipitia Zanzibar. Walikaa King's Rest, upande wa Bluff, wakajulikana kama Wazanzibari hadi leo. Ulipokuja utawala wa ubaguzi, serikali ilihangaika sana kuwapangia kundi, mwisho wakaandikwa kama Waasia Wengine, wakahamishiwa Chatsworth. Watu ni wale wale, dini yao ile ile, lugha zao zile zile. Kilichobadilika ni kundi waliloandikiwa, na kundi ndilo lililoamua waonekane kwenye ramani ipi. Nikiingiza nyumba kwenye kompyuta nikaiandika "bati", nimeshaamua nusu ya yatakayoipata. Kichujio humalizia tu.

Sasa nijibu hoja mbili za wanaonipinga, kwa kuwa nimezisikia na zina uzito.

Hoja ya kwanza inasema mchoro bila kuficha si mchoro. Fundi umeme hahitaji kuona miembe, na fundi bomba hahitaji kuona viti. Ukionesha vyote, hakuna kinachosomeka, na fundi asiyeweza kusoma mchoro atajenga makosa. Hii ni kweli kabisa. Wachoraji wa zamani walipanga karatasi za kupitisha mwanga moja juu ya nyingine kwa sababu hiyo hiyo, na AutoCAD nayo imejengwa juu ya wazo la matabaka yanayowashwa na kuzimwa. Kwa hiyo sipingi kuficha. Napinga kuficha bila kusema, hasa katika mchoro ambao msomaji wake ni yule yule aliyefichwa. Fundi umeme akikosa miembe hapotezi kitu. Gogo akijikosa mwenyewe, amepoteza nafasi yake katika mazungumzo.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, na aliniambia mwenzangu mmoja aliyekulia huku. Alisema: "Unadhani kila mtu anataka kuonekana? Chumba kikishachorwa kwenye ramani, kimepata namba. Kikishapata namba, kuna ofisi inajua kipo na haikukiruhusu." Hata sisi wa Tanzania tunalijua hilo. Tumeona nyumba zikiandikwa alama ya X nyekundu ukutani kabla ya barabara kupanuliwa, na mwenye nyumba anatamani asingeonekana kamwe. Kuonekana nako kuna hatari zake.

Nimeifikiria hoja hii kwa muda mrefu, na naona haiharibu msimamo wangu, bali inaunyoosha. Kama kuonekana kunaweza kumlinda mtu na pia kunaweza kumdhuru, basi mwenye kuamua hawezi kuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne anayetaka karatasi safi. Anayepaswa kuulizwa ni mwenye nyumba. Gogo hakuniuliza kwa nini amefichwa tu. Aliuliza ni nani alinituma. Kama ningemwendea mapema akasema "nifiche, mwanangu", ningemficha kwa moyo mweupe.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na ndipo ninapowaomba mnisikilize kama watu wa Kiswahili.

Sisi wanafunzi wa Afrika Mashariki tukiwa kwenye kompyuta huwa hatusemi "nimeficha". Tunasema "nimeihaidi". "Zile banda zihaidi kwanza, halafu chapa." Nimelitamka neno hilo mara mia moja na halijawahi kunigusa, kwa kuwa ni jina la kitufe tu. Lakini siku ile nilipolazimika kumweleza gogo kwa lugha inayofanana na yangu, nilijisikia nikisema: nimeificha nyumba yako. Kwa Kiswahili au kwa Kizulu, kuficha ni tendo lenye mtendaji. Kuna aliyeficha na kuna aliyefichwa, na kwa kawaida aliyeficha huulizwa sababu.

Kiswahili kina ngazi nzuri ya maneno kwa kazi hii. Kuonesha ni kukiweka kitu wazi. Kufifisha ni kukionesha kwa mstari mwembamba au rangi ya kijivu, kikawepo bila kushindana na vingine. Kuficha ni kukiondoa machoni huku kikibaki kwenye modeli. Kufuta ni kukiondoa kabisa. Maneno manne, matendo manne tofauti, na mtoto wa shule ya msingi anayaelewa yote. Tatizo langu siku ile lilikuwa kuruka ngazi ya pili. Nilihitaji kufifisha, nikaficha. Programu ilikuwa inaniruhusu kufifisha vyote vilivyokuwapo kwa kubofya mara moja vilevile, ila sikuwaza, kwa sababu sikuwa na neno lake kichwani. Asiye na neno "kufifisha" hudhani kuna kuwasha na kuzima tu.

Baada ya mkutano ule tulirudi chuoni tukaondoa kichujio. Vyumba vyote vya mabati tukavifanya vya kijivu, ukumbi wetu tukauchora kwa mstari mzito, na chini ya karatasi tukaandika kwa Kizulu kile ambacho mchoro haukuonesha: nyaya za umeme, mabomba ya chini ya ardhi na mipaka ya viwanja. Karatasi haikuwa safi kama ya kwanza, lakini ilisomeka.

Tulipoirudisha, gogo alifanya kama mwanzo: kijito, ngazi, bomba, kushoto. Safari hii kidole kilifika. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema tumekosea. Mlango wake hauangalii ngazi, unaangalia mwembe. Tukaenda kupima tena, naye alikuwa sahihi. Kosa hilo lilikuwa limekaa kwenye modeli yetu kwa mwezi mzima, na njia ya kuingia ukumbini tulikuwa tumeipanga kwa kufuata mlango usiokuwapo. Hakuna mhadhiri ambaye angeliona. Kinachooneshwa hukosolewa na wenyewe. Kilichofichwa hubaki na makosa yake.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wanafunzi wenzangu wa usanifu na uhandisi. Katika kiolezo chako, vilivyokuwapo kabla ya mradi viwe vimefifishwa tangu mwanzo, visiwe vimefichwa. Anayetaka kuvificha afanye hivyo kwa makusudi, katika mchoro unaohitaji hivyo, na aweze kutaja sababu yake.

La pili ni kwa wahadhiri wanaosahihisha kazi zetu. Mnatupa alama kwa usafi wa karatasi, na mnafanya vizuri. Naomba pia mtudai mstari mmoja pembeni ya kila karatasi inayokwenda kwa wananchi: "Katika mchoro huu havikuoneshwa vifuatavyo." Mstari huo uandikwe katika lugha ya wanaoishi mahali hapo. Ni sentimita chache za karatasi.

La tatu ni kwa chama chetu. Tangu Afrika Kusini ilipotangaza mwaka 2018 kwamba Kiswahili kitafundishwa shuleni kama somo la hiari, tumeandika mengi kuhusu fahari ya lugha yetu. Fahari bila msamiati wa kazi haitafika mbali. Napendekeza tuunde kikundi kidogo cha wanachama wa lugha na wanachama wa ufundi, tukusanye maneno ya uchoraji wa majengo: mwonekano, tabaka, kichujio, kiolezo, awamu, mkato, kufifisha. Tusianze na maneno ya kubuni mezani. Tuwaulize kwanza wachora ramani na mafundi wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar wanasemaje, kisha tupange. Na kwa kuwa tuko huku, kando ya kila neno tuweke la Kizulu.

Hili la mwisho halitakuwa gumu kama linavyoonekana. Kila asubuhi hapa tunasalimiwa "sawubona". Wanaojifunza Kiswahili chamani huniuliza tofauti yake na "hujambo", nami huwaambia watazame kitenzi. Bona ya Kizulu ni ndugu wa ona yetu, na salamu hiyo maana yake ya karibu ni "tumekuona". Nilikuwa nikimwambia gogo yule sawubona kila nilipopita na utepe wangu wa kupimia, kisha nikarudi chuoni nikamficha.

Anayependa kujiunga na kikundi hicho aniletee jina lake kwenye mkutano ujao wa chama. Aje na neno moja la kazi yake ambalo hajawahi kulisema kwa Kiswahili.